Bei Niliyoigomea

Jumatano

Mimi ndiye niliyeiandika ile bei ya hisa kwenye simu, kwa hiyo simlaumu mtu.

Huu ni mwezi wa tatu hisa zetu ziko sokoni na hakuna aliyezigusa. Tulitaka kuziuza ili mama mkwe akatibiwe macho. Mwenyewe akaniambia nisikubali bei ya kwanza. Hapa kijijini Pande ndivyo tulivyozoea kuuza ufuta: bei ikisomwa mnadani, wakulima wote tunapiga kelele za kukataa, na wanunuzi wanaongeza. Nikaona ni sawa. Nikaipandisha.

Leo nimempigia dalali wetu wa Dar, binti mmoja mpole. Akasema, "Mama, huku hakuna anayekusikia ukigoma. Wanunuzi walikuwa wachache, wakanunua kwa wengine, wakaondoka. Sasa hata kwa bei ya mwanzo sina mtu."

Miezi yote hiyo nimekuwa nikiigomea simu peke yangu. Mjinga mimi.

Na asubuhi kule hospitali daktari alinivuta pembeni. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linaweza kuokolewa, lakini si kwa kusubiri. Na mimi sina kingine cha kuuza ila...

Mama mkwe sijamwambia. Jioni nilimpelekea uji, akapapasa hewani mpaka nikamshikisha kikombe.

"Wameongeza?" akauliza.

"Bado, mama. Wanavutana."

Akatabasamu. "Waache. Watapanda tu."

Alikuwa anauambia mlango. Mimi nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto.