Mama Mkwe Amelaza Baiskeli za Mtaa Sebuleni

Mpendwa Shangazi,

Nimesoma unavyowajibu wenzangu na najua hubembelezi mtu, lakini afadhali nipigwe maneno na wewe kuliko nipigwe na mtaa mzima, kwa hiyo nisikilize.

Mimi ni mke wa mtu, nafua mashuka hospitalini, zamu yangu inaanza alfajiri, na mtaani kwetu magari ya abiria hayafiki, yanaishia barabara kuu, kwa hiyo miaka yote nimekuwa nikitembea gizani viatu vya kazi vikiwa mkononi ili visijae tope. Kampuni ya baiskeli za kukodi ilipoweka vituo mjini ikaturuka kama hatupo, na mimi ndiye niliyeshupaa, nikawafuata ofisini kwao mpaka mlinzi akawa ananiita dada, mwisho wakakubali kutuletea baiskeli chache za majaribio, wakachora mstari wa rangi kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu, na siku ya kikao nikasimama kifua mbele nikasema, "Jamani, hizi ni zetu. Tuzitunze kama vyombo vya ndani."

Shangazi, ulimi wangu umeniponza. Mama mkwe alilishika neno hilo kama lilivyo. Jua likizama tu anatoka, ananyanyua baiskeli moja moja, na gurudumu limefungwa kwa kufuli lake lakini yeye ameuza mkaa maisha yake yote, baiskeli haimshindi, anazipanga sebuleni, anazifuta vumbi, anazifunika vitambaa vya kufuma, moja ameishusha kiti mpaka chini, na majirani walipoona wakasema kumbe ndivyo inavyotakiwa, nao wakaanza kugombania za kuingiza kwao. Asubuhi anazitoa, ndiyo, lakini akishafagia na kunywa chai, wakati sisi wa alfajiri tumeshaondoka zamani kwa miguu, yaani nimezipigania mimi na kila siku nazipita zimelala nyuma ya pazia.

Sasa kampuni inaona kwenye ramani yake ya kuzifuatilia kwamba baiskeli zimo majumbani mwa watu, msimamizi amenipigia simu akasema mtaa wetu una wizi na mwisho wa mwezi anazihamishia kwingine, na mimi nikajikausha nikasema nitafuatilia, maana kumtaja mama wa mume wangu kwa mtu wa ofisini siwezi. Mume wangu nimemwomba azungumze naye, akasema nisimtie katikati. Nilijaribu mwenyewe, nikaenda na maneno nimeyapanga vizuri, akanikaribisha nikae kati ya baiskeli mbili, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mwanangu, usiwe na wasiwasi, vyombo vyako viko salama," nikanywa chai nikaondoka. Nikinyamaza nazikosa baiskeli, nikisema namkosa yeye. Nifanyeje?

Mimi, Mkwe Niliyejiponza

*

Mkwe,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, halafu nikakukasirikia. Pole kwanza. Kutembea gizani mwaka baada ya mwaka si mchezo, na kazi uliyoifanya kuzileta hizo baiskeli wengi wangeiacha mlangoni kwa mlinzi.

Lakini tuanze na kosa, maana unalizungukazunguka. Ulimwambia mwanamke ambaye hajawahi kuacha hata ndoo nje atunze kitu kama chombo cha ndani, na yeye akakitunza. Hajaiba, hajakaidi, hajakudharau. Katika kikao kizima huenda ndiye peke yake aliyekusikiliza neno kwa neno. Ulichosahau kumwambia ni kwamba chombo hiki hutunzwa kwa kutumiwa, na anayekihitaji zaidi anaondoka kabla yeye hajashika ufagio.

Sasa huyo msimamizi. Mtu uliyemganda ofisini kwake kama kupe, leo anawaita majirani zako wezi na wewe unasema utafuatilia? Ufuatilie nini wakati unajua zilipo? Mpigie leo. Mwambie hakuna hata moja iliyopotea, zimeingizwa ndani kwa sababu watu wanaogopa zitanyeshewa na kuibwa, kwa hiyo akija mwisho wa mwezi aje na paa, taa na minyororo ya kuzifungia, si gari la kuzibeba. Huko si kumchongea mama mkwe. Ni kumtetea, yeye na mtaa mzima.

Mumeo mwache. Asiyetaka kutiwa katikati atashika ngazi siku paa linapigwa.

Na kile kiti kilichoshushwa, umekitaja ukapita mbio kana kwamba si kitu. Anayelinda baiskeli hana haja ya kugusa kiti. Huyo mama amekipima kwa miguu yake mwenyewe, sebuleni, mlango umefungwa, na anaona aibu kukuambia. Siku yako ya mapumziko mpeleke uwanjani, umshikie baiskeli kwa nyuma ajifunze, na ukimcheka utanijua.

Lakini hilo ni la baadaye. Kesho jioni nenda kwake kabla hajaanza kuzinyanyua. Safari hii usiende na maneno ya kupanga, kwa sababu maneno ya kupanga ndiyo yaliyokufikisha hapa. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwomba huyu mama kitu chochote, sikupaona. Unamsalimia, unakunywa chai yake, unamwogopa, basi. Anakuita mwanangu na wewe unamchukulia kama ofisi. Kaa chini umwambie ukweli ambao hata mimi hujaniandikia, ila nauona, maana mtu hapigani hivyo kwa sababu ya tope tu. Mwambie, "Mama, alfajiri natembea peke yangu na naogopa. Nataka nikitoka nizikute baiskeli nje."

Ukishasema, nyamaza. Usieleze ramani, usitaje kampuni. Mwanamke aliyebeba vyuma hivyo kila jioni kwa ajili ya neno lako moja hatakuuliza mara mbili. Kesho yake alfajiri, ukifika uwanjani, utamkuta amesimama pale na kanga mabegani, ameshakuchagulia yenye breki nzuri.