Manjano Mgongoni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la shemeji limetulia, na wapwa zangu wanakula mpaka sufuria linaomba msamaha. Mimi mdogo wako, dereva niliyevuka mipaka mingi kuliko mvua, sijambo, ila mgongo.

Dawa yako nimeitumia. Nilikoroga manjano na mafuta ya nyonyo kama ulivyoniagiza, nikapaka vile vinundu vya mkononi. Kile kikubwa cha katikati ya mabega, kinachogombana na kiti cha lori, sikifikii. Nilijaribu kwa mwiko, nikapaka ukuta. Gereji sasa wananiita Kiini cha Yai, maana kola zangu zote zimekuwa za njano.

Wifi yako akasikia. Unajua bado yuko kwa shangazi yake, ng'ambo ya barabara, tangu nilipowaigizia madereva wenzangu alivyolia kwenye mtihani wa udereva. Walicheka wakashika mbavu. Sikujua amesimama mlangoni. Basi akaja jioni na kitambaa, akaniambia nivue shati, na kwamba hakuja kwa ajili yangu, kaja kwa ajili ya kinundu. Tangu hapo huja kila jioni. Ananipaka, ananifunga, anauliza kama kinawasha, anaondoka. Na mimi, dada, niliyewahi kumchekesha askari wa barabarani hadi akasahau kosa langu, nakaa kwenye stuli kama gunia. Nataka kusema samahani. Nikifungua mdomo unatoka mzaha, basi naufunga.

Sasa nikwambie la moyoni. Kopo la kwanza la manjano lilipokwisha, nilikwenda hospitali. Daktari alikibonyeza, kikateleza chini ya ngozi, akasema ni mafuta tu, hakina madhara, na hakuna cha kupaka kitakachokiyeyusha. Kikinisumbua watakitoa, na siku hiyohiyo nirudi kwangu. Nikamshukuru sana. Halafu nikapitia dukani, nikanunua manjano mengine.

Wifi yako sijamwambia. Akiuliza, namwambia kinapungua. Jana alikizungusha kwa kidole gumba, akasema hakijapungua hata chembe, kwamba anaogopa, halali vizuri, na Ijumaa atanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Na daktari ni yuleyule, atanitambua hata kabla sijakaa.

Hapo ndipo nilipopaswa kugeuka niseme. Nilivaa shati.

Barua hii nampa dereva mwenzangu anayekuja huko kesho. Ukiipata kabla ya Ijumaa, mpigie wewe wifi yako umweleze, anakusikiliza. Mimi nimempigia mara nyingi, nikaishia kumuuliza saa ngapi, na saa ninayo mkononi.

Wasalimie wote wa nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Naachia hapa, nasikia geti linafunguliwa, na bado sijavua shati.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Dereva