Hotuba ya Kumuaga Mama Zuwena

Jumapili, La Rochelle, Johannesburg

Wewe utakayeokota daftari hili, nakusihi usimsomee mtu hata neno moja. Maneno yangu yameshafika mbali mno leo.

Mama Zuwena anarudi Tanga, nami nikapewa na Watanzania wenzetu wa hapa hotuba ya kumuaga, eti kwa kuwa mimi ni karani na nimesoma. Nilijiandaa wiki nzima. Nikapima dakika saba, nikajizoeza mbele ya kioo. Tulifundishwa shuleni: anza na kisa cha kweli, watu watakusikiliza. Nikaanza na miaka kumi na mmoja aliyopiga deki korido za hospitali hapa Joburg, akiwasomesha wanawe.

Watu wakasikiliza kweli. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Simu zilikuwa juu zikinirekodi, na kabla sijaketi video ilishaingia kwenye kundi la WhatsApp la jamaa zake wa Tanga.

Mama Zuwena alinishika mkono mlangoni. "Umesema vizuri, mwanangu. Ila watoto wangu wanajua mimi ni nesi."

"Shikamoo, mama, sikujua..." Eish, kwa hofu nikamwamkia mara ya pili.

"Marahaba. Ungeniuliza tu."

Wiki nzima nilikiuliza kioo, yeye sikumuuliza.

Anasafiri Alhamisi. Kesho nitakwenda kwake, bila karatasi, sijui nitaanza na...

Ukiliokota, nipo chumba cha nyuma, geti la kijani, mkabala na kiduka cha spaza. Usilipige picha. Gonga dirisha, unikabidhi mkononi.