Dramu ya kulia ya pikapu ya Hajji

Ijumaa. Mvua ya asubuhi iligeuza gereji yote kuwa tope jeusi la oili, kisha jua likawaka kama vile halikuhusika. Nimechoka hadi vidole vinakosea herufi za simu. Lakini nimechoka vizuri. Leo naandika nikiwa na furaha, jambo ambalo mnaonisoma hamjalizoea.

Ile cherehani niliyowahi kuitaja bado ilikuwa chini ya kitanda changu hapa Kyebando, Kampala. Nilimnunulia dada yangu Masika, aliye nyumbani Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Masika ni fundi, lakini anashonea mashine ya mtu. Mwenyewe akitokea, yeye anainuka, hata kama nguo iko nusu. Shule zinakaribia kufunguliwa, na sare za shule ndizo zinazomlisha mwaka mzima. Mashine ikichelewa, wateja wataenda kwa mwingine. Makonda wa basi sikumwamini hata mmoja kwa mzigo huo.

Ndipo Hajji, mzee Mnubi tunayepakana naye uzio, aliposema kesho alfajiri anakwenda Mpondwe, pale mpakani, kufuata maharage, na cherehani ataipakia. Masika atavuka aje kuipokea.

Ila pikapu yenyewe ilikuwa haitembei.

Ilisimama uani kwake misimu miwili ya mvua, breki ya mkono imevutwa juu kabisa. Jana tuliikokota kwa kamba mpaka Kisenyi, kwenye gereji ninakofanya kibarua. Gurudumu la nyuma la kulia halikuzunguka hata kidogo. Liliburuzika njia nzima kama mbuzi anayepelekwa asikotaka.

Kazi ilikuwa kutoa dramu zote mbili za nyuma. Ndani ya dramu mna viatu viwili vya breki, na katikati yake parafujo yenye meno inayovisukuma nje au kuvirudisha ndani. Unalala chini ya gari, unapitisha bisibisi kwenye tundu dogo la nyuma, unasukuma meno. Viatu vikirudi ndani, dramu inaachia.

Ya kushoto nilisukuma meno kwenda juu, nikagonga kidogo kwa nyundo, ikatoka. Ya kulia nikafanya vilevile. Ikaenda jino moja. Nusu jino. Ikagoma.

Nikamwaga mafuta ya taa. Nikagonga. Nikasukuma tena juu, kwa nguvu, mpaka bisibisi ikapinda. Kutu ilinidondokea machoni. Nilikuwa nikimwona Masika anainuka kwenye kiti cha watu, na kila nilipomwona nilizidi kusukuma.

Bosi wangu, Ssalongo, hana subira na kitu kisichosikia. Alisimama miguuni pangu.

"Wewe Mukongo, hiyo dramu unaitoa ama unaioa?"

Gereji yote ikacheka. Mimi pia ningecheka siku nyingine.

"Nipe muda kidogo, bosi."

"Muda gani? Reta grinda, tukate."

Dramu ya gari la zamani hivyo ukiikata, huipati nyingine siku hiyohiyo, labda hata mwezi huo. Nilimwomba angoje Hajji arudi kutoka msikitini, kwa sababu gari ni lake na huwezi kukata chuma cha mtu mwenyewe hayupo. Ssalongo alikubali, akaenda kula. Grinda akaiacha kando ya kichwa changu, ili niione.

Hajji alirudi na kanzu yake nyeupe, akaketi juu ya tairi, akaikunja kanzu isiguse tope. Nilikuwa na hasira naye, nakiri. Nani anavuta breki ya mkono namna ile kisha anaacha gari linyeshewe? Kwa hasira hiyo, tangu jana sikuwa nimemuuliza neno. Leo nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa na adabu sana.

"Hajji, nani aliifungua hii mara ya mwisho?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu. Parafujo ya ndani ilikufa. Nikatafuta hapahapa Kisenyi, nikapata moja ya gari lililokatwa."

"Ya upande huu?"

Akafikiri. "Ilikuwa ya kushoto. Jamaa aliniambia breki haina kushoto na kulia, breki ni breki. Lakini toka siku hiyo inalegea yenyewe, na mimi breki ya mkono naivuta zaidi kila mara."

Nililala pale nikitazama tumbo la gari. Parafujo ya kushoto uzi wake umegeuka. Ukiiweka kulia, kulegeza kunakuwa kukaza. Asubuhi yote sikuwa nalegeza kitu. Nilikuwa nakaza.

Nilisukuma meno kwenda chini. Tik. Tik. Tik. Sijasikia sauti tamu hivyo tangu nije Kampala.

Ilibaki kutu tu. Dramu ina matundu mawili ya bolti. Ukizikaza kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, zinaisukuma itoke. Hajji alisahau kanzu, akashika spana ya pili. Dramu ikalia, ikaruka, ikaangukia tope na kuturushia sote. Kanzu sasa ina madoa ambayo mke wake ataniuliza mimi.

Ssalongo alirudi akijisugua meno kwa kijiti. Akaambiwa kisa, akacheka mpaka akaegemea gari. "Kale, haya basi! Mukongo amekaza mpaka Hajji mwenyewe akakiri!" Kisha akachakura kwenye kopo lake, akanipa parafujo ya kulia. Ndivyo alivyo.

Tulisafisha, tukafunga, tukajaribu breki kwenye kilima cha Bukoto. Zinashika. Cherehani sasa imefungwa nyuma ya kiti cha dereva, imevikwa blanketi langu. Nilimpigia Masika. Hakusema asante. Aliuliza kama sindano zimo, kisha nikasikia anapenga kamasi.

Sindano zimo.

Hajji ameapa hatagusa tena breki ya mkono akiegesha. Ameweka jiwe nyuma ya tairi, na breki ya mkono inapumzika. Kesho jua halijatoka nitakuwa uani kwake. Hilo jiwe nataka kuliondoa mimi.