Kibati Namba Kumi na Saba

Jumatano, 5 Machi

Leo damu imemwagika karakanani na mimi nilikuwa dirishani pa stoo yangu. Hatua nne tu. Niandike toka mwanzo, kichwa kinaniwanga.

Asubuhi drili kubwa haikuonekana. Utaratibu wetu ni huu: ukichukua kifaa, unatundika kibati chako cha namba kwenye msumari wake, ukirudisha unachukua kibati. Msumari wa drili ulikuwa na kibati 17. Nyapara wetu ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Akaniuliza mbele ya wote, 17 ya nani? Nikasema ya Taratibu. Basi, sikuongeza neno.

Taratibu ni fundi wa randa. Jina tumempa kwa ajili ya kigugumizi chake. Akaanza mi-mi-mi, neno halikutoka. Shemeji akasema asiye na hatia hujibu. Akaokota ubao, mbili kwa nne, akampiga nao mgongoni. Kisha mkono — mfupa niliusikia ukivunjika. Alipoanguka, Shemeji akamkanyaga mbavu kwa viatu vya kazi, mara nyingi, huku anahema. Mafundi wanane wamesimama wanatazama sakafu. Msumeno unazunguka bure.

Na kidirisha cha stoo nani alikishusha? Mimi. Nikajiambia vumbi linaingia. Vumbi!

Nusu saa kabla, Shemeji huyo huyo ndiye aliyetuombea sala ya kuanza kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Taratibu yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani. Fundi rangi alikwenda kumwona. Mkono umevunjika mahali pawili, anakojoa damu. Shemeji kamshtaki polisi, akipata nafuu tu anapelekwa rumande kwa wizi.

Nimefagia stoo mara tatu. Haina uchafu.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu. Ni mimi.

Jumanne nilipangusa ubao wa misumari. Nilivua vibati vyote, nikavirudisha kwa kichwa, eti nakumbuka. Leo nimepita kwenye meza ya Taratibu. Jiriwa ya kubania mbao bado ipo, imebana miguu ya kiti alichoacha. Jiriwa aliichukua yeye, na msumari wake umepakana na wa drili. Kibati chake kilikuwa pale, mimi nikakitundika pembeni. Drili hakuigusa kabisa.

Nikalia ndani ya stoo, nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha kupangusia. Hodari wa kulia! Kusema ndiko kumenishinda. Chumba ninacholala ni cha Shemeji, kiko nyuma ya nyumba yake. Kazi kanitafutia yeye. Nikifungua mdomo, mimi na wanangu wawili tunakwenda wapi?

Jumapili, 9 Machi

Drili iko kanisani.

Nimeiona kwa macho yangu, ubavuni, kwenye mabenchi yanayotengenezwa. Ina duara jekundu nililolipaka mwenyewe. Mchungaji amemshukuru Shemeji mbele ya waumini — mzee wetu wa kanisa, aliyeleta kifaa Jumanne jioni kwa moyo wa kujitolea. Manyapara hawana vibati. Huchukua tu.

Mahubiri yalikuwa ya Petro, anaota moto uani huku Bwana wake anapigwa. Kila mwaka namwona Petro mwoga. Leo nimemwonea wivu, yeye angalau alisema simjui. Mimi nilisema namjua, nikataja na namba.

Baada ya ibada nikamfuata Shemeji nje, nikamwambia drili ile pale. Akageuka kutazama. Akabadilika rangi. Kumbe alisahau! Aliipeleka mwenyewe, akasahau, akamvunja mtu. Nilidhani atalia. Akanishika mkono juu ya kiwiko, kucha zikazama, huku anawatabasamia wanaopita. Akasema limeshatokea, shemeji, ukilifukua nitafungwa mimi, na wewe utalala barabarani na watoto wa ndugu yangu. Ana mikono myepesi ya kupiga huyu mtu, mume wangu aliniambia zamani, nikacheka.

Nikamweleza Mchungaji. Kasema tulipeleke kwenye maombi kwanza, tusimwaibishe mzee. Nikamwambia mtu anakojoa damu, Mchungaji. Kasema ndiyo maana tuombe. Nimechukia. Sijui kama ni dhambi, lakini nimechukia.

Jumatatu, 10 Machi

Zamu ya kuongoza sala ilikuwa yangu. Wote wamevua kofia, wamefumba macho. Nikasema fumbueni. Nikasema Taratibu hakuiba, kibati nilikikosea mimi, drili iko kanisani na aliyeipeleka ni huyu hapa.

Shemeji hakunipa nafasi ya kumaliza. Kofi la kwanza lilinizungusha. Akanikamata shingo akanigonga uso kwenye meza ya stoo, mara mbili, nadhani tatu. Jino limetoka, nimelimeza. Nikasikia fundi rangi anasema nyapara, mwachie mama wa watu. Akapigwa teke la tumbo. Ndipo wakamvaa wote, wanane, kwa ngumi na vipande vya mbao, na walikuwa na hasira ya miaka. Alipolala chini hawakuacha. Nikawapigia kelele waache, na kusema kweli nilichelewa kidogo.

Jumatatu hiyo hiyo, saa nane mchana, kituoni

Mdomo umevimba, lakini daftari ninalo. Shemeji kaletwa, uso umepasuka, lakini kampa kila afande mkono, wanafahamiana. Afande wa zamu kaniuliza maswali. Drili haijamshughulisha. Kauliza nani alikuwa wa kwanza kumtaja mshtakiwa. Nikasema mimi. Ulishuhudia anapigwa? Ndiyo. Ukamwambia nani? Nikasema Mchungaji tu, jana, baada ya siku nne. Kaandika yote polepole, akaniambia nikae kwenye benchi. Shemeji kaingizwa ofisini, mlango umefungwa. Nawasikia wanacheka.

Sasa hivi ameketi mwanamke pembeni yangu, ana shati la kazi kwenye mfuko wa plastiki. Limekauka damu. Anasema ni la mume wake, fundi wa randa, wanamsingizia wizi, na hata hajui aliyemsingizia ni nani. Kanitazama uso, kanipa pole, kanipa leso yake nijifute.

Anauliza, na wewe dada, nani kakufanya hivi, na umekuja kwa ajili ya nani?

Leso ninayo mkononi. Ananitazama ninavyoandika, anasubiri nimjibu.