Miche Uliyopanda Peke Yako

Njoki wangu,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana, kwa sababu nikiandika "hujambo" nakumbuka mahali ulipo. Basi nisikuamkie. Nikuambie tu kwamba uwanja wako wa watoto kule mtoni umepona, na umepona kwa aibu yetu.

Unanijia mchana, unajua. Watu husema wafu huja usiku, lakini wewe waja saa saba, ninapochambua maharagwe mlangoni. Umelowa kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka nyayo, na jembe lako umelishika. Nikiinua macho hakuna mtu, ila nasikia kile kikohozi nyuma ya ukuta, kikavu, mara mbili mbili. Mume wangu akiuliza namwambia ni mbuzi wa jirani. Jirani hana mbuzi, naye anajua.

Wakumbuka baraza lile? Handaki la kuzunguka kijiji, lile tulilochimbishwa na askari wakati wa dharura, lilikuwa limefukiwa juzi juzi tu. Bwana Shamba akaja na karani wa baraza la wilaya kutoka Thika, wakasema sehemu ya kodi yetu imetengwa: kijiji kitakachotoa ardhi kando ya mto kitapewa miche ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na papo hapo kitatengenezewa uwanja wa watoto kuchezea. Sharti ardhi iwe haina mwenyewe, mtu asije akaidai kesho. Wazee wakatazamana. Mashamba yanapimwa, ndugu wanashtakiana kwa sababu ya upana wa mkeka, nani ana ardhi isiyo na mwenyewe? Ukasimama wewe, mwanamke, mbele ya wazee wote. Ukasema, "Kibirira hakina mwenyewe. Chukueni hicho."

Karani hakuelewa kwa nini watu walinyamaza. Hakujua kwamba kibirira ni kile kichaka ambako wazee wetu waliwaweka wafu wao na kuwaachia fisi, kabla ya kanisa kutufundisha kuzika. Hakuna aliyewahi kulima pale, wala kuokota kuni. Nawe ulikuwa ukicheka. Ulisema sote tumebatizwa, na kwamba waliolala pale ni bibi zetu, watafurahi kusikia sauti za watoto. Nilikupenda siku hiyo mpaka nikaogopa.

Tukaandikishwa wanawake tisa. Tukafanya ngwatio yetu, kazi ya kusaidiana, kama desturi, kila mtu na safu yake, na asiyekuja safu yake inamalizwa na waliopo, bila kuulizwa maswali. Tulichimba mashimo kama tulivyochimba mitaro dharura ilipokuwa kali, ila safari hii hakuna askari aliyesimama nyuma yetu. Siku ya kwanza nilisali zaidi ya nilivyochimba. Ukanimegea kiazi chako kitamu, ukasema, "Kula, Wairimu, Baba Yetu peke yake haichimbi shimo." Nilicheka mpaka kiazi kikanipalia.

Wiki ya pili mvua ikaanza. Ilipokwisha wiki hiyo ukashikwa na kifua, na siku nane baadaye ukatuacha. Hospitalini Thika walisema ni mapafu. Kijijini walisema ni thahu, ule uchafu unaompata mtu akigusa mahali pa mauti.

Basi pakahamwa. Nyasi zikafika magotini. Mtoto akionekana kwenye njia ya kwenda huko, anachapwa. Mama mkwe wako akamkataza binti yako Nyambura hata kuchota maji upande ule, anapita njia ya mbali na mtungi ule ule uliomnunulia. Kisha karani akarudi. Akasema baraza haliwezi kuweka pesa mahali wanapotembea panya tu. Kama mvua zingekwisha kabla uwanja haujatumika, pesa zilizobaki zingepelekwa kwingine. Tena yuko mtu anayepataka achonge mawe ya kujengea. Umeona walivyofanya kule Ruiru, kilima kizima kimekatwa na mto unapita na rangi ya chai.

Hapo mwalimu wa kanisa akanijia. Akasema mimi nilipanda ubavuni mwako na sijaumwa hata kichwa, kwa hiyo nisimame Alhamisi kwenye mkutano wa akina mama nishuhudie hilo. Watu wakiniona mzima, wataacha mambo ya thahu. Nikakubali. Ningekataa kwa sababu gani?

Njoki, wiki ile ya pili nilikuambia mtoto wangu ana homa. Nilikudanganya. Nilivuka mto Chania nikaenda kwa yule mzee mganga, nikampelekea kondoo. Akamchinja, akanipaka uchafu wa tumbo la mnyama huyo, akanitapisha thahu yote. Nikaoga, nikarudi nyumbani nimepona kitu nisichokuwa nacho, na Jumapili nikapiga magoti kanisani kando yako. Ulikuwa umeanza kukohoa. Uliniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikasema amepata nafuu. Siku niliyokwenda ndiyo ile ya mvua kubwa, na wewe ulipanda safu yako ukapanda na yangu.

Alhamisi nikasimama. Maneno ya uongo nilikuwa nimeyakariri kama katekisimu. Nikatazama mlangoni na wewe ulikuwa pale, unadondosha maji. Yale maneno yakakataa kutoka. Nikasema, "Mimi ni mzima kwa sababu nilikwenda kutakaswa. Nilimwachia Njoki safu yangu kwenye mvua."

Nilidhani watanitemea mate. Walitazama sakafu. Kisha Mama Karanja, yule anayetuongoza kwa sala, akasema polepole, bila kuinua uso, "Mimi nilikwenda Jumatatu." Mwingine akasema yeye Jumanne, na dada yake pamoja naye. Wakaendelea hivyo mpaka sote tukaisha. Sote wanane, Njoki. Kila mmoja kwa mzee yule yule, kila mmoja na homa yake ya mtoto, wala hakuna aliyerudi kazini akishatakaswa, na wiki nzima ulikuwa ukimaliza safu za watu wasiokuwepo, jioni, umelowa, ukituombea watoto wetu wapone.

Mmoja akaanza kulia. Akasema tuchange tununue kondoo, tumwite mzee aje kukutakasa kaburini, upumzike, na uwanja ufunguliwe. Wengine wakaitikia. Mimi nikapandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikasema, "Njoki hana uchafu. Wachafu ni sisi."

Mama Karanja ndiye aliyeinuka kwanza kwenda kutafuta jembe. Tulishuka alasiri ile ile, sote wanane, na hatukuimba. Tukapalilia. Hatukuweza kutofautisha mche wa nani ni upi, kila tulipouliza jibu lilikuwa ni wako. Jumamosi watoto wakashuka nyuma yetu wenyewe, na karani alipofika aliwakuta wasichana wanakimbizana, Nyambura akiwa mbele anapiga kelele za kuziba masikio. Mama mkwe wako alikuwa amesimama juu ya njia, amejifunika shuka, na hakumwita. Karani akaandika kitabuni mwake. Mwenye kutaka mawe ameambiwa atafute kwingine, na miche mingine inakuja mvua za vuli.

Nilifikiri baada ya hapo utaacha kuja. Leo saa saba ulikuja tena, umelowa vile vile. Sikuombi uache.

Lala, rafiki yangu, mahali pakavu, kama papo huko uliko. Mvua za vuli nitakuwa kwenye safu yangu mpaka mche wa mwisho, na mtoto wangu akiugua kweli nitambeba mgongoni. Na siku Nyambura atakaponiuliza mama yake alikufa na nini, sitamwambia ni thahu, wala sitamwambia ni mapafu. Nitamwambia kwamba hatukuja kazini.

Wako,
Wairimu