Mgeni wa Ngozi ya Kondoo

Ijumaa, 27 Oktoba
Ceitidh amefika kwa feri. Mjukuu wangu, miaka minane, mdomo haupumziki! Begi limejaa nguo za mchawi za dukani kwa ajili ya usiku wa Halowini Jumanne, hata kucha za plastiki. Kwao Glasgow, anasema, unabisha hodi, unapewa peremende, unakwenda zako. Hivyo tu? Nikamwambia hapa kisiwani Uist tunajifunika ngozi ya kondoo, uso wote, tunaingia jikoni kwa mtu na kukaa kimya. Mwenye nyumba akikutambua, unavua. Asipokutambua, unakaa tu, naye anaendelea kukisia.
"Kimya kabisa, Bibi?"
"Ukifungua mdomo umekwisha."
"Basi mimi nimekwisha tayari."
Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 29 Oktoba
Misa. Kaka yangu Lachlann benchi la nyuma. Katoka kabla ya baraka ili tusikutane mlangoni. Mwaka wa tano huu. Kosa ni langu — nilimwita mwizi dukani, mbele za watu, kwa sababu ya saa ya ukutani ya mama. Baadaye nikakuta barua ya mama: yeye mwenyewe ndiye aliyempa. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Kila nikipanga maneno ya kuomba radhi, naahirisha. Nina hamu naye sana. Haya, nimeliandika.

Jumatatu, 30 Oktoba
Tumechonga taa ya Halowini. Ceitidh alitaka boga, nikampa tanipu, mzizi wa shambani kama kiazi kikubwa, ngumu kama jiwe. Vijiko viwili vimepinda! Tukawasha mshumaa ndani, na ile harufu ya tanipu inayoungua ikanirudisha miaka sitini nyuma. Mimi na Lachlann tunavuka malisho na mabuti ya baba, yeye mbele, akinishika mkono penye madimbwi. Enzi hizo jikoni walijaa wageni wa ngozi thelathini kwa jioni moja. Mwaka jana walikuja wanne, nguo zote za dukani. Sina kinyongo, watoto wanacheka vilevile. Na Ceitidh kachanganya vyote: kofia ya mchawi juu, ngozi ya kondoo chini. Mchawi mwenye mkia! Kapendeza kweli.

Jumanne, 31 Oktoba, saa moja na nusu jioni
Naandika mbiombio kando ya jiko. Birika liko motoni.
Ceitidh alipotoka na watoto wa jirani yangu Dugald, mlango ukafunguliwa tena. Mtu mzima, peke yake. Ngozi ya kondoo toka kichwani hadi magotini, soksi mikononi ili asitambulike. Akaufunga mlango kwa kisigino, akakaa. Kimya.
Lachlann! Hakuna mwingine kisiwani anayefunga mlango vile. Nikimtaja itabidi avue — na huenda akainuka aende zake. Basi nikakosea makusudi.
"Wewe ni Dugald."
Akatikisa kichwa kukataa.
"Padri!"
Akatikisa.
"Basi mke wa Dugald, na unene huo umeupata wapi?"
Mabega yakacheza kwa kicheko. Nimetaja kumi na mmoja, mpaka askofu. Majina yakaniishia.
Nikamwambia: "Haya, mgeni, umenishinda, sikujui. Na kwa kuwa sikujui, nikwambie jambo. Kuna mtu nilimwita mwizi. Hakuiba. Barua ya mama ninayo ndani, na nimekaa nayo miaka mitano kwa sababu ya kiburi. Naona aibu."
Hakutikisa kichwa. Hakuinuka pia.
Nikamimina chai, nikaiweka mbele yake. Hainyweki uso ukiwa umefunikwa, naye anajua. Nimegeukia daftari ili nisimkodolee macho. Pengine anadhani naandika majina niliyokwisha kutaja.
Anaiangalia chai. Ameivua soksi ya mkono wa kulia. Sasa ya kushoto —